Mtaa Usiosafiri

Nyumba ya mlango wa kijani,
Nyuma ya ghala la saruji.

Jumapili, tarehe 14, mwezi wa sita.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Nakusalimu kutoka kwenye meza ile ile ya kukatia vitambaa uliyokuwa ukifanyia hesabu zako za shule. Mguu wake mmoja bado umeegemezwa kipande cha tofali, na bado ukiandika kwa nguvu inatikisika, kwa hiyo ukiona mwandiko unayumba usidhani nimezeeka ghafla. Habari za huko? Mgongo wako umepoa, au bado unakusumbua kwa kuinama kwenye mashimo ya lifti? Wifi yangu anaendeleaje na masomo? Na binti yako, yule anayesema ananijua kwa sauti tu, meno ya mbele yameshaota? Mwambie shangazi yake anamsalimu, na kwamba sauti hii ina mtu mzima nyuma yake, mnene kiasi.

Mimi, ukiuliza, nipo. Macho yanazidi kunisaliti, lakini bado nasahihisha vitabu vya watu pale kwa mpiga chapa, na bado nagombana na kila anayedhani kelele ni hoja. Kile kikohozi changu cha moshi kimepungua sana. Sababu yake utaiona huko mbele, maana ni sehemu ya kisa chenyewe.

Sasa nimefika pale ambapo barua zangu zote husema kuhusu mama yako, "Mama Mdogo hajambo, anakusalimu." Kalamu ilikuwa imeshaanza kuyaandika maneno hayo yenyewe kwa mazoea. Nimeizuia.

Kwenye ujumbe wako wa mwisho uliniuliza mbona ukipiga simu ya mama yako Jumanne na Ijumaa asubuhi napokea mimi, tena nikihema kama niliyefukuzwa na mbwa, na kila mara nakwambia yupo bafuni. Uliandika, "Dada, mama gani anaoga kuanzia saa mbili mpaka saa tano?" Nilicheka peke yangu, kisha nikakaa chini. Hii barua ndiyo jibu. Sikutaka kulitoa kwa simu kwa sababu mbili. Kwanza, nyumba yetu unaijua, ukuta kati ya chumba chake na changu ni mbao moja, na yeye ameumwa mwili, masikio hayajaumwa. Pili, kwenye simu mimi hushinda. Ungenikemea, nami ningejitetea, na mwisho wake wewe ungeniomba radhi. Safari hii sistahili kushinda.

Mama Mdogo hawezi tena kusimama.

Kiharusi kilipompiga mwezi wa nane mwaka jana nilikueleza ukweli wote, na niliyokueleza ya miezi mitatu iliyofuata nayo yalikuwa kweli. Alikuwa akienda hospitali kwenye mazoezi ya viungo kila Jumanne na kila Ijumaa. Polepole, yule dereva wa bajaji anayeendesha kama anayebeba mayai, alikuwa akimchukua hapa mlangoni na kumshusha mlango wa hospitali kwa dakika kumi na tano. Mwezi wa kumi na moja Mama Mdogo alitoka kitandani mpaka kwenye cherehani yake kwa fimbo. Mkono wa kulia ulishika mkasi. Haukukata kitu, ulishika tu, lakini alikaa nao mchana kutwa na hakutaka niuchukue.

Niliyokueleza tangu mwezi wa kwanza ni uongo. Hajaenda mazoezi kwa muda wa miezi sita. Vidole vya mkono ule vimejikunja vikawa ngumi, na kila Jumamosi navifungua kimoja kimoja ili nimkate kucha, zisije zikamchoma kiganja. Mtaalamu wa viungo alikuja nyumbani mara moja tu mwezi uliopita, kwa hisani yake, maana wapo wawili kwa mji mzima. Alimshika mguu, akaukunja, akaunyoosha, akaniita nje. Akasema, "Miezi ile ya mwanzo ndiyo ilikuwa miezi. Mlikuwa wapi?"

Tulikuwa hapa. Ngoja nikueleze kwa nini tulikuwa hapa.

Ile picha uliyotutumia ya basi la huko, linaloinama upande mmoja ili mzee apande bila kuinua mguu, nilimwonyesha Mama Mdogo akasema, "Basi lenye adabu hilo." Haya, na sisi tunayo. Mwezi wa kumi na mbili yaliingia mabasi ya umeme, meupe, hayatoi moshi, hayapigi kelele, yana nafasi ya kiti cha magurudumu na sauti ya upole inayotaja vituo. Yana njia yao yenyewe katikati ya barabara kuu. Ukiwa na programu yake kwenye simu unaona basi lako liko wapi na litafika baada ya dakika ngapi, na linafika kweli. Nayasifu kwa moyo safi. Hayana ubaya, na hilo ndilo linaloniuma. Yangekuwa mabovu ningelala vizuri.

Unajua niliyapigania kwa miaka kumi na moja. Ulikuwa bado hapa nilipoandika barua ya kwanza gazetini, kwamba mji unaomtandikia lami mwenye gari na kumwachia mtaro mwenye miguu unawatukana wenyeji wake walio wengi. Nilisoma kila kitabu cha miji nilichoweza kukipata. Nilibishana na madiwani, na wauza magari, na yule mhadhiri wa kofia aliyesema maskini hahitaji kufika mahali upesi. Waliniita mwanamke asiye na shughuli. Mwishowe mabasi yakaja, na mpango wake umejaa maneno ambayo baadhi yake, naapa, yametoka kwenye karatasi zangu. Hewa safi. Mji wa watu wote. Nilishinda, Kitinda. Kikohozi kimepungua, kama nilivyokwambia.

Tatizo ni kwamba basi halisimami kwetu.

Barabara kuu sasa imezungushiwa vyuma kuanzia kona ya ghala mpaka mwisho. Bajaji na mikokoteni imepigwa marufuku humo, na hilo nililidai mimi mwenyewe, kwa maandishi, nikidhani kutakuwa na kituo. Kituo cha karibu kiko ng'ambo, mwendo wa nusu saa kwa mtu mwenye miguu yake, halafu daraja la kuvukia lenye ngazi sitini na nane. Nimezihesabu mara nyingi kuliko nilivyohesabu kitu chochote maishani. Lifti ipo pande zote mbili. Wewe ni fundi wa lifti, basi nisikufiche: milango yake bado ina karatasi ya nailoni ya kiwandani, na pameandikwa subira. Wanasema fundi wa aina ile ya lifti hapatikani nchini. Niliposoma hivyo nilitaka kuwaambia tulikuwa naye, tukamsindikiza uwanja wa ndege tukipunga mikono.

Polepole alijaribu kumpitisha Mama Mdogo njia za nyuma. Ilichukua saa moja na nusu kwenye mashimo, na upande wake uliolegea ukawa unateleza mpaka akafika amekaa sakafuni mwa bajaji. Mara ya tatu Polepole alisema tujaribu basi. Tukafika darajani. Polepole akamweka mgongoni, akaanza kupanda. Ngazi ya ishirini na ngapi sijui, Mama Mdogo akaanza kusema, na maneno yake siku hizi yanatoka kwa upande mmoja wa mdomo lakini yanaeleweka vizuri sana.

"Nishushe. Mimi si gunia."

"Mama, tumebakiza kidogo," Polepole akasema.

"Nishushe, mwanangu. Wa kunibeba yuko mbali."

Watu walikuwa wanapita. Alishushwa pale pale kwenye ngazi, akakaa, akavuta khanga usoni. Tulirudi. Tangu siku hiyo, nikitaja hospitali anageukia ukutani. Polepole naye aliiuza bajaji baadaye, maana njia za nyuma zilikuwa zinaimaliza. Siku hizi yumo ndani ya sare ya kijani, anafagia kituo kile kile cha ng'ambo.

Unanijua, sikukaa kimya. Ile programu ina sehemu ya malalamiko. Nikaifungua, ikaniambia, chagua kituo chako. Chetu hakimo kwenye orodha, kwa sababu hakipo, na bila kuchagua kituo haikubali kuendelea. Nimepigana na wahariri, na makarani, na polisi mmoja, lakini sijawahi kukutana na mpinzani kama huyo: hakukatalii, hakutukani, anasubiri tu uchague. Mwisho nikachagua kituo cha ng'ambo nikaandika kurasa mbili. Jibu likaja baada ya dakika moja: asante kwa maoni yako, kituo chako kinafanya kazi vizuri.

Nikaenda ofisini kwao kwa miguu yangu. Niliingia kwa vita. Nilikuwa nimevaa lile koti la mazishi, na hoja nimezipanga tangu nyumbani. Nilimtarajia bwana mwenye kitambi. Nikamkuta mhandisi, binti wa miaka thelathini hivi, akasimama, akanipa shikamoo, akanivutia kiti. Hoja mbili zikaanguka hapo hapo.

Akanifungulia ramani kwenye kompyuta. Akanieleza kwamba mwaka juzi, kabla ya kupanga vituo, walipima kwa wiki mbili simu za mji mzima zinatoka wapi asubuhi na zinakwenda wapi. Hawakuchukua majina, walichukua mienendo tu. Panapotoka watu wengi ramani imekoza rangi, pasipotoka watu ni nyeupe. Mji wote ulikuwa umekolea kama kitambaa kilichomwagikiwa chai. Mtaa wetu ulikuwa doa jeupe.

"Hapa, Mama, takwimu zinaonyesha watu hawasafiri," akasema.

"Wamekufa?"

"Hapana, wapo, tena wengi. Ila simu zao hazisogei. Simu zaidi ya elfu mbili, asubuhi mpaka jioni, zimekaa mahali pamoja. Tulibishana sana hapa ofisini. Mwisho tukasema pale patakuwa na ghala la simu."

Kitinda, hapo mkono wangu ulikuwa hewani, kidole kimeelekea usoni kwake. Niliushusha taratibu.

Unakumbuka umeme wa mtaa wetu, ule unaowasha taa lakini haujazi betri. Ulipoondoka watu walikuwa wameshaanza kuacha simu zao asubuhi kwa fundi wa simu, yule mwenye paneli za jua juu ya kibanda, na kuzichukua jioni wakitoka kazini. Ana misumari ukuta mzima, kila msumari na namba yake. Basi, yalipotoka matangazo ya kupima mienendo, serikali iliomba kwa lugha nzuri kabisa kwamba kila mtu atembee na simu yake ikiwa imewashwa. Mimi nikasoma tangazo hilo nikaona minyororo. Nilikuwa nimetoka kusoma vitabu vitatu mfululizo kuhusu dola zinazowapeleleza watu wao. Nikaandika kijikaratasi, mpiga chapa akanipa karatasi chakavu za bure, nikachapa mia tano. Kichwa chake kilikuwa "Hatuhesabiwi Kama Ng'ombe." Nikasema, kwa wiki mbili hizi, wote, wenye chaji na wasio na chaji, waache simu zao kwa fundi. Nikapita nyumba kwa nyumba. Kinyozi, wauza mitumba, wabeba mizigo wa ghalani, walimu wa shule ya msingi, wote walikubali. Fundi akaongeza misumari. Haikuwahi kutokea mtaa huu ukakubaliana jambo. Watu elfu mbili na zaidi walikuwa wakiondoka kila alfajiri kwenda kila pembe ya mji, wakitembea, wakidandia, wakisukuma, na simu zao zimetundikwa kwenye kibanda kimoja.

Nilikuwa najivuna. Nilidhani tumewanyima kitu. Kumbe tulijifuta wenyewe, na aliyeshika kifutio ni mimi.

Nilimwambia yule mhandisi. Nilimwambia kila kitu, nikamtajia mpaka kichwa cha kijikaratasi. Akasema kwa sauti ya mtu aliyepata jibu la fumbo la zamani, "Kumbe ni nyinyi."

Nikarudiwa na hasira kidogo, nikamuuliza, "Na nyinyi, toka hapa mpaka kwetu ni mwendo wa dakika ishirini. Mliliona doa jeupe, mkabishana sana. Hakuna aliyenyanyuka akaja kuangalia?"

"Mkataba ulikuwa wa takwimu, Mama," akasema, na aliona aibu kulisema. "Haukuwa wa miguu."

Sitaki ulichukue jibu hilo kama kinga yangu. Lina ubaya wake, na tendo langu lina ubaya wake, na havipunguziani. Bado naamini mtu hapaswi kufuatwa hatua zake na mtu asiyemjua. Nitakufa naamini hivyo. Lakini niliamini kwa miguu ya watu wengine. Mimi kazini kwangu ni hapo kona, natembea dakika nne. Sikuwa na cha kupoteza kwenye ramani ile.

Na kuna jambo linanijia kila ninapokata kucha zile. Vijikaratasi vile alivikunja Mama Mdogo, mia tano, kwenye meza hii, kwa mkono ule wa kulia. Alivikunja haraka na kwa mstari ulionyooka, kama anavyokunja sare za wanafunzi. Akaniuliza, "Upupu, kwani wakijua naenda sokoni watanifanya nini?" Nilimpa hotuba ya nusu saa. Akasema haya basi, akampelekea fundi simu yake. Hakushawishika. Aliniridhisha tu, kama alivyoniridhisha tangu aliponichukua mikononi mwa marehemu dada yake nikiwa na miaka minne, nikakulia kwenye kitanda kimoja na wewe.

Niliporudi kutoka kwa mhandisi nilimweleza. Nilipiga magoti kabisa kando ya kitanda. Alisikiliza mpaka mwisho, upande mmoja wa uso wake ukacheka.

"Kumbe hapo nilikuwa sahihi," akasema.

"Ulikuwa sahihi, Mama Mdogo."

"Mara ya kwanza kwako kulikiri hilo." Kisha akafumba macho, akasema, "Usimwambie Kitinda. Atakuchukia, nami sina mwingine wa kunifungua vidole."

Na bado nakwambia.

Mhandisi alinipa njia moja. Wanapima upya mwaka huu, kuanzia mwezi wa tano mpaka mwisho wa mwezi wa saba. Mtaa utakaoonyesha safari mia tatu kwa siku utafikiriwa kituo. Hakusema utapewa, alisema utafikiriwa, na nilimheshimu kwa hilo. Nikakimbia kurudi, nikapita nyumba zile zile, mlango mmoja baada ya mwingine, nikiwaomba watembee na simu zao.

Nilianza kwa kinyozi. Kijikaratasi changu bado amekibandika kwenye kioo chake, juu ya bei za kunyoa.

"Dada Upupu, leo umeamkaje?" akasema, wembe mkononi na mteja kitini. "Soma mwenyewe hapa. Anayeijua njia yako anaijua na shingo yako. Maneno ya nani hayo?"

"Yangu. Nilikosea."

"Hukukosea. Mimi nilikuwa sijali kitu, wewe ukanifungua macho. Sasa leo unataka niyafumbe?"

"Hali imebadilika."

"Na kesho ikibadilika tena?" Mteja wake akacheka mpaka akakatwa kidogo.

Ilikuwa hivyo kila nyumba. Wengine walinihurumia, wakidhani nimetishwa na serikali au nimenunuliwa. Mwalimu mmoja alinishika mkono akaninong'oneza kwamba ananielewa, kila mtu ana bei yake ya kuvunjika. Wote waliyashika maneno yangu vizuri kuliko mimi. Miaka yote nimekuwa nikilalamika kwamba watu hawanisikilizi, Kitinda. Walikuwa wananisikiliza.

Fundi wa simu ndiye pekee aliyenipa msaada, na ulikuwa wa mzaha. "Chukua kapu, uzijaze zote," akasema, akionyesha ule ukuta wa misumari. "Zunguka nalo mji, waone mtaa wote umetoka matembezi." Watu kibandani wakacheka, na mimi nikacheka nao. Sikulichukua kapu. Huo ungekuwa uongo, na mwaka huu nimeshasema wa kutosha.

Lakini niliona simu ya mama yako. Ilikuwa pale kwenye msumari namba tisa, ile uliyomnunulia yenye kioo kilichopasuka pembeni. Nikaomba hiyo moja.

Safari ya Mama Mdogo si uongo. Ni safari aliyopaswa kuifanya, na angeifanya. Basi kila Jumanne na kila Ijumaa, mpiga chapa ananiruhusu nifike kazini mchana. Saa mbili asubuhi naweka simu yake kwenye mkoba wangu, imewashwa, betri imejaa. Natoka mlango wa kijani. Naenda kwa mwendo wake, kwa sababu mhandisi aliniambia mashine inapima na mwendo, na nataka wajue kwamba mtu huyu hakimbii. Napita kandokando ya vyuma mpaka darajani. Napanda ngazi sitini na nane kwa kupumzika pale alipoketi siku ile. Polepole ananiona kutoka chini, anaegemeza ufagio, anavua kofia. Nachukua basi. Linaniinamia, na mimi sina haja ya kuinamiwa. Nafika hospitali, nakaa kwenye benchi la nje ya chumba cha mazoezi kwa saa nzima, muda ule ule wa zoezi lake, nikiwaangalia watoto wa watu wakiwaingiza mama zao. Kisha narudi vile vile.

Mhandisi alinionyesha juzi. Ramani mpya bado ni nyeupe pale kwetu. Mia tatu hazitapatikana. Lakini kuna uzi mmoja, mwembamba mno, unatoka nyuma ya ghala, unavuka daraja, unafika hospitali, unarudi. "Huyu mtu mmoja ni nani?" akaniuliza. "Anakwenda bila kukosa."

Nikamwambia ni mama yangu mdogo, anafanya mazoezi.

Sikuandikii uje. Sikuandikii pia usije. Mama Mdogo hajui kama nimekwambia, na wewe ukimpigia jioni zungumza naye kama kawaida, mchekeshe, muulize kuhusu cherehani. Hasira yako ilete kwangu, nimeitayarishia nafasi. Na kama siku moja utapanda ndege, njoo na vifaa vyako vya kazi, kwa sababu nailoni ile kwenye milango ya lifti naweza kuichana mimi, lakini baada ya hapo sijui kinachofuata.

Nisalimie wifi yangu, mwambie asiache masomo kwa sababu yoyote. Nisalimie binti yako, na yule jirani yenu mzee anayekupa funguo zake anaposafiri. Polepole anakusalimu, anauliza kama bado unapiga mluzi ukiwa na woga. Fundi wa simu anakusalimu. Kinyozi naye anakusalimu, anasema dada yako amebadilika.

Mungu akuweke penye njia, na kila jengo unalolihudumia lisibaki na mtu katikati ya ghorofa.

Na Ijumaa asubuhi usipige. Au piga tu. Nikipokea nikihema, usiniulize Mama yuko wapi. Yuko darajani, anapumzika, ataendelea.

Ni mimi nikupendaye, hata kama baada ya barua hii hutapenda kuitikia,

Dada yako,
Upupu.